Bwana Afya na Mtaro Ulioishia Kwenye Jiwe

Watu walionikosea ni wengi, na wengi wao nimeshawasahau. Lakini hakuna aliyenichosha kama Bwana Afya. Kuchosha, nasema, si kuchukiza. Mtu ukimchukia unamwepuka, mambo yanaisha. Huyu nilikuwa nikimpikia chai kila asubuhi, na kila asubuhi alinichosha upya.

Jina lake silitaji, na hata sisi wenyewe pale Busia hatukulitumia. Alikuwa Bwana Afya wa mji, yule wa kukagua vyoo, machinjio, mahoteli na mitaro. Mke wake mwenyewe akimtafuta sokoni aliuliza, "Bwana Afya amepita hapa?" Tukamwonyesha kwa kidevu, kwa maana kila mara alikuwa amepita, na alipopita paliachwa mtu akinung'unika.

Hoteli yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye jiko nyuma, chini kabisa ya mji, pale malori yalipopanga foleni kungoja karatasi za kuingia Uganda. Nilikuwa mjane wa watoto watatu, na chai na ugali wa madereva ndivyo vilivyowalisha na kuwapeleka shule. Sikuwa na shamba wala ng'ombe. Nilikuwa na masufuria, mabenchi mawili na ile leseni yenye mhuri iliyotundikwa ukutani.

Nyuma ya jiko ulipita mtaro. Uliteremsha maji yote ya upande wetu: ya mvua, ya machinjio, ya sokoni, na ya madereva waliokaa siku nne au tano kwenye foleni bila choo hata kimoja cha kuwasaidia. Serikali ilitaka ushuru wa lori na wa shehena. Kwamba ndani ya lori kuna binadamu mwenye tumbo, hilo haikulifikiria. Basi mtaro uliyachukua yote hayo ukayapeleka upande wa Uganda. Au ungeyapeleka, kama si kuziba. Ulizibwa na majuala ya plastiki, matairi na maganda ya miwa, na usidhani uliziba mahali pa maana. Uliziba ng'ambo ya jiwe la mpaka, kwenye kile kipande cha katikati ambacho si chetu wala si chao. Hatua nane kutoka kwenye jiwe. Nilizihesabu mpaka nikachoka. Maji yakikosa njia pale yalirudi nyuma, na nyuma ni jikoni kwangu.

Sasa mtu aliyepewa mtaro huo na serikali alikuwa ndiye yeye. Mfupi, koti la kaki lenye mifuko minne, baiskeli nyeusi aliyoifuta kila siku kama ya harusi. Hakuwahi kunywa kwa kikombe cha mtu. Alitembea na chake cha bati mfukoni, akakiweka mezani, akasema, "Maji yamechemka mpaka yakaruka?" Nikasema yameruka. Miaka yote ile hakuniamini. Aliinuka akaenda kuchungulia sufuria mwenyewe, kisha akarudi akaketi.

Sheria yake ilisema kati ya choo na jiko ziwe hatua hamsini. Hakubeba kamba ya kupimia, alipima kwa miguu. Na kwa kuwa miguu ilikuwa mifupi, wanawake wote wa mahoteli tulimpenda kwa hilo tu. Siku moja karani mgeni kutoka makao makuu, mrefu huyo, akapima kwangu akapata thelathini na tano. Akataka kuniandikia. Bwana Afya akamkatalia.

"Mguu wa serikali katika mji huu ni huu," akasema, akiuinua wa kulia tuuone. "Wako ni wa kutembea."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Yeye hakucheka. Ndivyo alivyokuwa, hujui kama anakuonea huruma au anafuata kitabu.

Hongo alikuwa haijui. Usinielewe vibaya, nami najua rushwa ni dhambi, na kanisani kwetu nilikaa benchi la mbele. Lakini jaribu wewe kuishi mpakani na afisa asiyekula. Anayekula unajua umsukume wapi. Mara moja, maji yakiwa yameshafika kwenye kizingiti, nilimpelekea samaki watatu wakubwa wa ngege, waliokaushwa, wametoka Budalang'i asubuhi ile, nimewafunga vizuri kwenye gazeti. Akawapokea kwa mikono miwili! Nikajua sasa yamekwisha. Siku ya pili akaja na barua kutoka wodi ya wanawake pale hospitalini, wakinishukuru kwa mchango wangu kwa wagonjwa.

"Ibandike ukutani," akaniambia, "karibu na leseni."

Uui! Niliibandika, ningefanya nini?

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Lililonitoa roho ni meza ya pembeni. Kila siku saa nne asubuhi alikuja pale mwenzake wa upande wa pili, afisa wa afya wa Uganda, bwana mnene mwenye kicheko, ambaye sote tulimwita Ssebo, yaani bwana kwa lugha ya kwao, kwa kuwa ndivyo naye alivyomwita kila mtu. Ofisi yake ilikuwa karibu hata ungemrushia chapati ikamfikia ya moto. Wakaketi meza moja, wakaulizana habari za watoto, wakagawana mandazi. Maofisa wawili wa mtaro mmoja! Nami nasimama pale na birika.

"Bwana Afya," nikamwambia, "mtaro umeziba."

"Najua, mama. Nimeandika."

"Umemwandikia nani?"

Akamwonyesha Ssebo kwa kidevu. "Ofisi ya huyu."

"Si huyu hapa amekaa!"

"Huyu hapa amekuja kunywa chai. Barua inapitia kwa Bwana DC, inaenda Nairobi. Nairobi inaandikia Kampala. Kampala inamteremshia yeye."

Nikamgeukia Ssebo. Akanyoosha mikono. "Haijafika, nnyabo. Banange, hata mimi nangojea. Ikifika tu, nafanya kazi mara moja."

"Basi mpe hiyo barua mkononi sasa hivi, asome!"

"Nikimpa mkononi," Bwana Afya akasema polepole, kama anayefundisha mtoto kuhesabu, "hiyo si barua tena. Ni karatasi."

Nilirudi jikoni nikasonya hadi Mama Nafula, mwenzangu wa kupika, akaniuliza nimeungua wapi.

Diwani wetu naye nilimwendea. Wakati huo vyama vingi vimeingia, kila mtu ana shati la rangi yake, na kabla ya kura alisimama juu ya ule mtaro akaapa kwa mama yake. Baada ya kura aliniambia wadi yake inaishia barabarani. Nikarudi kwa Bwana Afya, maana angalau yeye alikuwa mwongo wa kitu kimoja tu: ati barua inakuja.

Na ajabu ni kwamba mtu huyu hakuwa mwoga. Mtu asikudanganye. Kuna dereva alifia ndani ya lori lake kwenye foleni, mtu wa mbali, jina lake hatukuweza hata kulitamka. Siku ile ilikuwa ya jua kali, na habari za kuhara zilikuwa zimeshaanza kuenea. Polisi walisimama mbali. Utingo wake alikuwa ameshakimbia. Bwana Afya alivua koti, akalikunja, akaniachia mimi, akapanda ndani ya lori peke yake na ndoo na dawa. Alimteremsha yule mtu mgongoni. Akamwosha nyuma ya hoteli yangu kwa mikono yake, akamfunika kwa shuka lililotoka nyumbani kwake, na mke wake alimgombeza kwa shuka lile mwezi mzima. Kisha akaomba koti lake na chai. Hata siku hiyo alikwenda kwanza kuchungulia sufuria.

Kwa hiyo niambie wewe. Mikono ya kubeba maiti ya kipindupindu anayo, ya kushika jembe hatua nane mbele ya jiwe hana. Nilijiuliza swali hilo miaka mingi, na kila nikijiuliza nilipata hasira mpya.

Mwaka mmoja masika yakikaribia, wanawake tulichoka. Tulikuwa kama kumi na watano, wauzaji wa dagaa wa omena, wa ndizi, wa mahindi ya kuchoma, na mimi na Mama Nafula. Jumamosi asubuhi tukashika majembe tukaanzia juu sokoni, tukauzibua mtaro kuteremka. Hatukumwambia mtu, lakini siri ya wanawake kumi na watano ni siri gani. Tulipofika nyuma ya hoteli yangu, tukamkuta Bwana Afya amesimama kando ya jiwe la mpaka na baiskeli yake.

Nilidhani atatufukuza. Badala yake akafurahi! Akatuonyesha pa kupanua, pa kulalisha ukingo, jinsi ya kuinamisha sakafu ya mtaro ili maji yakimbie. Aliujua mtaro kuliko sisi. Alipiga hatua, akachora chini kwa kijiti, akamsifu Mama Nafula kwa nguvu zake mpaka yule mama akaona haya. Kufikia saa saba tulikuwa na mtaro ambao ungeupiga picha. Basi tukafika kwenye jiwe, na mimi nikainua jembe kuvuka.

"Hapo hapana," akasema.

"Bwana Afya, ni hatua nane."

"Hapo si kwangu. Ukipiga jembe hapo, maji hayo yakienda kumfanyia mtu kitu, ataulizwa nani?"

"Aulizwe Mungu aliyeyanyesha!"

"Mama. Rudisha jembe."

Alisema kwa upole, na alikuwa amesimama mbele ya jembe langu na vile viatu vyake vilivyong'arishwa. Wenzangu walinitazama mimi. Nilikuwa na leseni ukutani, na mwenye kuitia mhuri kila mwaka alikuwa ndiye huyo. Nikarudisha jembe.

Sikiliza sasa ujinga ulioendelea. Wiki iliyofuata Ssebo, kwa kuona haya, akawatoa vijana wake nao wakachimba upande wao, mtaro mzuri kabisa, ukaja mpaka kwenye jiwe la kwao. Wakaacha. Katikati pakabaki kilima cha takataka, huku kumechimbwa na huku kumechimbwa, kila serikali imetimiza wajibu wake. Mtu akipita pale alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaelewa. Zamani maji yalikuja polepole, mengine yakapotelea njiani. Sasa tulikuwa tumeyatengenezea barabara, na barabara hiyo ilikuwa na mwisho mmoja tu.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya pili maji yaliingia jikoni mpaka kwenye shavu la mguu. Usiniulize yalikuwa na nini ndani. Siku ya tatu Mama Nafula alianza kuharisha akiwa amesimama kwenye jiko, na kabla ya saa sita macho yalikuwa yamezama. Vijana wote wa baiskeli za boda boda walimkataa. Bwana Afya ndiye aliyemkalisha kwenye baiskeli yake nyeusi, akamfunga kitini kwa leso yangu, akamsukuma kwenye tope mpaka hospitali, mlima mzima. Alipona, na mpaka leo yuko hai kwao Butula. Daktari alisema angechelewa saa moja tungekuwa tunaongea mengine.

Saa tisa mchana ule ule yule yule akarudi. Tope mpaka magotini, koti limechafuka. Nilimkimbilia nimshukuru, nilitaka hata kumpigia magoti. Akatoa brashi na kopo la rangi nyekundu, akachora msalaba kwenye mlango wangu.

"Nimeifunga, mama. Jiko limeingiwa na maji machafu. Ni sheria."

"Maji haya yameletwa na nani, Bwana Afya?"

Akatoa karatasi mfukoni.

"Nakuuliza! Yameletwa na nani?"

"Weka sahihi hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

Niliweka. Mahoteli mengine yaliyofungwa wiki ile yalifunguliwa kwa mlango wa nyuma, kwa kuzungumza vizuri na askari wa kanjo, wale wa baraza la mji. Yangu haikufunguliwa, kwa sababu yangu aliifunga yeye, na hakuna askari aliyethubutu kugusa rangi yake. Mpaka msalaba ulipoondolewa madereva walikuwa wamezoea kwingine, na mabati ya nyuma yalikuwa yameoza. Binti yangu mkubwa aliacha shule muhula ule, akaja kunisaidia kuuza chai ya chupa stendi. Hakurudi tena. Ana watoto sasa, ana duka lake, hanilaumu. Mimi ndiye bado nalaumu.

Na kile kilima? Vijana wa boda boda walichoka kubeba baiskeli mabegani kwa sababu ya tope. Jioni moja wakashika makoleo wakakiondoa. Nusu saa! Nilikuwa nimesimama pale na chupa yangu ya chai, nikitazama maji yakienda zake kimya kama yaliyochelewa safari. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeulizwa, hata polisi mmoja hakugeuza shingo. Muda mfupi baadaye serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, na Bwana Afya akawa kwenye orodha. Nilisikia amerudi kwao. Nikasema vizuri, akakague vyoo vya kwao.

Kumwona tena ilikuwa Butula, siku ya soko, karibu mwisho wa miaka ile ya tisini. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia Mama Nafula na kununua maharagwe. Nikamkuta ameketi kwenye benchi nje ya kinu cha kusaga, anangojea unga wake. Alikuwa amekonda, na lile koti lilimning'inia. Aliponiona aliinuka. Mzee mzima, ameniinukia mimi.

"Mama, watoto?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Sikumpa hata nafasi ya kuketi. "Nusu saa, mzee," nikamwambia. "Vijana wamefungua ule mtaro kwa nusu saa. Hakuna aliyeuliza kitu. Hoteli yangu imekwenda, mtoto wangu ameacha shule, kwa kazi ya nusu saa."

"Nilisikia," akasema.

"Umesikia, basi? Ni hilo tu?"

Akaketi. Akaniomba nami niketi, nikaketi kwa ajili ya watu waliokuwa wakitutazama. Kinu kilipiga kelele, ikabidi anisogelee ili nisikie.

"Nilianzia kazi Budalang'i," akasema. "Kijana, nimetoka chuo juzi. Mto Nzoia ulifurika. Watu wa upande mmoja walinilalamikia, kama wewe hivi: Bwana Afya, tukate ukingo maji yatoke, watoto wanakufa. Kukata ni kazi ndogo. Nikasema kateni. Hata nilishika jembe. Maji yakatoka, wakanibeba juu, wakaimba." Akatazama mlango wa kinu. "Upande wa pili, nyuma ya vichaka, kulikuwa na nyumba. Mimi sikujua. Bibi mmoja na wajukuu wawili."

Nikaweka kikapu changu chini.

"Nilingoja niulizwe," akasema. "Nilingoja barua. Nilikaa ofisini kila siku nikingoja mtu aje aniulize nani aliruhusu. Hakuna aliyeuliza, mama. Hata mmoja. Tangu hapo nikataka kila kitu kiwe kimeandikwa, ili mtu fulani aulizwe."

Hasira yangu haikuniacha, nisiseme uongo. Ilibadilika tu ikawa nzito zaidi. "Ungetuambia!" nikasema. "Miaka yote hiyo unakunywa chai yangu. Ungesema, tungeelewana!"

Alitikisa kichwa. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Pale mbele ya jiwe, maji yalipokuwa yaende. Kulikuwa na nyumba ngapi?"

Nilimtazama. Pale Busia kila mtu anavuka. Tunavuka kununua ndizi, kunyoa nywele, kuzika, kubatiza. Mimi nilikuwa nikivuka mara mbili kwa siku na kikapu.

"Kwani hujawahi kuvuka?"

"Mtumishi wa serikali anahitaji kibali. Niliomba."

"Na Ssebo? Si ungemwuliza Ssebo? Mlikuwa meza moja!"

"Nilimwuliza," akasema. "Kwenye barua. Lilikuwa swali la tatu."

Mtu wa kinu alitokeza akamwita, unga wake ulikuwa tayari. Hakuinuka. Alikuwa ananitazama mimi, mikono juu ya magoti, anangoja, na nilijua kwamba safari hii hangoji Kampala.

"Ni matete tu, mzee," nikamwambia. "Matete mpaka kwenye kinamasi. Hakuna nyumba."

"Hata moja?"

Nilikuwa na miaka ya kumtafutia neno la kumwumiza mtu huyu, na sasa nilikuwa nalo mdomoni, kwamba miaka yote ile alilinda matete, na sikulitaka tena. Lakini aliuliza mara ya pili, na nani mwingine angemjibu?

"Hata moja," nikasema.